Kipuri cha Mtambo wa Taifa

Iko nchi moja ambayo jina lake halisi sitalitaja, kwa sababu wakubwa wake ni wepesi wa kukasirika na mimi si mwepesi wa kukimbia. Tuiite Shinani. Ni nchi ya milima na ukungu, na sehemu kubwa ya ardhi yake ni misitu ya misonobari iliyopandwa na serikali. Wenyeji husema miti yao ni mingi kuliko ahadi za uchaguzi. Nimelichunguza jambo hilo na kuona kwamba si kweli, ingawa miti ni mingi.

Misonobari hukatwa, magogo hupasuliwa mbao, na mbao huondoka na malori kwenda kusikojulikana. Yanayobaki ni matawi, vilele na mabanzi, yaani zile pembe za gogo zenye maganda ambazo msumeno huzitupa kando. Katika Wilaya ya Baridini, mabaki hayo yalikuwa kazi ya Atuganile Kibiki na wanawake wenzake kumi na wanne. Kwa miaka kumi na miwili waliyakusanya kwa mikono, wakayakata kwa mashoka, wakayapakia kwenye mikokoteni ya ng'ombe na kuyapeleka hospitali ya wilaya. Huko yaliingia kwenye tanuri kubwa la kuchemshia maji, ambalo kila mtu aliliita boila. Boila hilo ndilo lililopika uji wa wagonjwa, lililochemsha vyombo vya upasuaji na kupasha joto wodi ya wazazi. Baridini si mahali pa kuzaliwa bila moto. Mtoto anaweza kufika duniani saa nne asubuhi akilia kwa nguvu, na saa sita akawa kimya na midomo imebadilika rangi.

Atuganile alikuwa mjane wa miaka hamsini na miwili, mrefu, mkavu, asiyetoa neno kabla hajaligeuza mdomoni. Naomba ieleweke mapema kwamba hakuwa adui wa mashine. Mgongo ulikuwa ukimuuma tangu utawala uliopita, na yeye ndiye aliyeandika barua tisa kwenda wizarani kuomba mashine ndogo ya kukatakata matawi. Wizara ilimjibu mara moja. Ilisema barua zake zote zimepokelewa isipokuwa ya nne, na kumtaka aeleze ya nne iko wapi.

Alipochoka kueleza, alikwenda kwa Ndelwa Msigala, fundi wa kuchomelea mwenye karakana nyuma ya soko.

"Fundi, unaweza kunitengenezea kitu kinachotafuna matawi?"

"Kitafune kiasi gani?"

"Kama mbuzi. Ila mbuzi asiyeshiba."

Ndelwa hakuwa mtu wa maneno mengi. Aliyachukua mawazo hayo akakaa nayo wiki mbili. Kisha akachukua injini ya mashine mbovu ya kusaga unga, akafua visu kutokana na springi za lori, akavifunga kwenye gurudumu zito, na chombo chote akakiweka juu ya magurudumu mawili ya gari dogo ili ng'ombe waweze kukivuta hadi msituni. Ukiingiza tawi upande huu, upande ule zilitoka chenga ndogo za ukubwa wa kidole. Zikianikwa chini ya bati, zilikauka kwa siku nne, wakati ambapo mabanzi yalihitaji miezi mitatu.

Wanawake walikiita chombo hicho Mbuzi, na tangu siku ya kwanza wakamzungumzia kama mtu wa nyumbani. Mbuzi ameamka vibaya leo. Mbuzi anataka dizeli. Msimu haukuisha kabla hawajaanza kupeleka hospitali mzigo mara tatu ya ule wa zamani, na Atuganile akaweza tena kulala chali.

Habari hizo nzuri zilipofika makao makuu, serikali ilishtuka. Kulikuwa na maendeleo Baridini, na hayakuwa yamezinduliwa.

*

Waziri wa Nishati ya Kuni na Mambo ya Kisasa alikuwa Mheshimiwa Daktari Mhandisi Gervasi Lupembasi. Udaktari alipewa na chuo alichokijengea geti, na uhandisi ulitokana na geti lenyewe. Yeye ndiye aliyeanzisha Kampeni ya Taifa ya Kuhamasisha Mitambo Mipya Misituni, na aliamua ianzie Baridini, kwa kuwa huko, alisema, wananchi walikuwa wameonyesha dalili za kujihamasisha wenyewe.

Mtambo uliletwa kutoka ng'ambo juu ya lori la magurudumu arobaini na nane. Barabara ya msituni ilikuwa nyembamba, hivyo zikakatwa hekta sitini za msitu ili mtambo wa kuhudumia msitu upate pa kupita. Ulikuwa na urefu wa nyumba ya ghorofa, umepakwa rangi za bendera, na ilisemekana unaweza kumeza mti mzima kwa sekunde tisa. Atuganile aliuzunguka mara mbili akiutazama kwa macho ya mnunuzi. Kusema kweli aliupenda. Alimwambia Ndelwa visu vile ni vizuri, na Ndelwa, aliyekuwa ameinama akichungulia tumbo la mtambo mpaka askari akamwondoa, alikubali kwamba ni vizuri sana.

"Ndugu wananchi," alisema Waziri siku ya uzinduzi, "kuanzia leo tawi la Shinani halitashikwa tena na mkono wa binadamu. Tawi litaingia kwenye mnyororo wa thamani. Na mnyororo huu haumfungi mtu. Unamfungua."

Watu walipiga makofi kwa kuwa polisi walikuwa wameanza kupiga. Waziri akabonyeza kitufe. Mtambo ukatoa mlio mtamu, kisha sauti ya mwanamke wa kigeni ikasema maneno matatu kwa adabu kubwa. Hakuna aliyeelewa. Waziri akajibu, "Asante sana," na bendi ikapiga.

Wiki moja baadaye mkalimani alieleza kwamba mwanamke yule alikuwa amesema kuni ni mbichi.

Mtambo ulikuwa umeundwa kwa ajili ya nchi ambako kuni hukaa ndani ya nyumba. Ulikuwa na kifaa cha kupima unyevu, na kuni yoyote yenye unyevu uliozidi kiasi fulani uliikataa kwa maneno yaleyale matatu. Baridini kuna ukungu miezi kumi kwa mwaka, na miezi miwili iliyobaki ni ya mvua. Wilaya iliomba mabati ya kujengea banda la kukaushia matawi. Wizara ikajibu kwamba banda ni teknolojia ya kale, na kwamba taarifa iandikwe kuwa mtambo uko katika hali ya utayari. Ikaandikwa hivyo. Mpaka leo hakuna mtambo duniani ambao umekuwa tayari kwa muda mrefu kiasi hicho.

*

Hayo yote yasingemdhuru mtu kama kampeni isingekuwa na sehemu ya pili, iliyoitwa uhamasishaji wenyewe. Wataalamu waliona kwamba mwananchi hawezi kuupenda mtambo mpya huku ana shoka nyumbani. Basi ikatoka amri kwamba vifaa vya zamani vyote vikusanywe, na kila anayesalimisha apewe cheti cha Mhamasika.

Kazi hiyo ilimwangukia Ezekia Mlimbila, Mkaguzi wa Uhamasishaji wa Wilaya. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa msafi, mpole, asiyepokea hata ndizi ya mtu, na alizipenda kanuni kama wengine wanavyopenda mpira. Alipita kwa wanawake wa mabanzi akachukua mapanga, mikokoteni na mashoka kumi na matano, akatoa vyeti kumi na vitano. Kisha akasimama mbele ya Mbuzi.

"Mama Atuganile, chombo hiki kina kitabu cha maelekezo?"

"Hakina. Lakini fundi wake yule pale, muulize."

"Fundi si kitabu, mama."

"Ni bora kuliko kitabu. Ukimuuliza, anajibu."

Mlimbila akafungua faili. "Kanuni ya sita inasema mtambo mpya ni ule wenye kitabu cha maelekezo kwa lugha zisizopungua tatu, na kitabu chenyewe kiwe hakijawahi kufunguliwa."

"Nikikiandika leo?" aliuliza Ndelwa.

"Utakuwa umekifungua wakati wa kukiandika."

Ndelwa, ambaye hakuwa na mazoea ya kushindana na kitu kisichochomelewa, alianza kukusanya zana zake. Mbuzi akafungwa mnyororo, akavutwa hadi ghala la wilaya, na kifuani akabandikwa karatasi: Teknolojia ya Kale, Imetengenezwa Mwaka Jana.

Atuganile aliusindikiza msafara huo mpaka mlangoni mwa ghala. "Bwana Mlimbila," alisema, "hospitali ina chenga za siku kumi na moja. Umeziandika popote?"

"Hospitali iko chini ya wizara nyingine, mama," alijibu, na kwa kweli alijibu kwa huzuni.

*

Chenga zilidumu siku kumi na mbili, kwa sababu muuguzi mkuu, Dafrosa Nyalusi, alikuwa mbahili wa moto. Siku ya kumi na tatu boila lilipoa. Wilaya iliagizwa kuchukua kuni kutoka kwenye Mtambo wa Taifa, na lori lilitumwa msituni kila asubuhi, likarudi na yale maneno matatu.

Dafrosa alimfuata Atuganile nyumbani kwake.

"Dada, nina watoto wachanga saba. Watano wamelala vifuani mwa mama zao na wanaendelea vizuri. Wawili ni mapacha, wamezaliwa kabla ya siku zao, na mama yao amefanyiwa upasuaji, hawezi kuwashika muda mrefu. Mmoja nimemfunga kifuani kwangu tangu jana. Wa pili yuko kwa mfagizi."

Hapo ndipo Atuganile alipoona kwamba dada huyo alikuwa amevaa koti la mwanamume, na kwamba koti lilikuwa likipumua.

Alijifunga khanga, akawaita wenzake, wakaingia msituni. Mashoka hayakuwepo, wala mapanga, wala mikokoteni. Waliokota vijiti vilivyokauka chini ya vichaka na kuvivunja kwa magoti, jambo ambalo kanuni zilisahau kulikataza, wakavipeleka kwa vichwa. Kwa siku sita walifanya hivyo. Moto wao ulitosha birika la maji na sufuria moja ya uji. Chuma kikubwa cha boila hakikupata hata joto la kumpendeza paka. Mgongo wa Atuganile ulirudi ulikokuwa, na siku ya nne alipanda kilima akiwa ameinama kiasi cha kuona unyayo wake tu. Alilia kidogo njiani, kwa hasira zaidi kuliko maumivu, halafu akajifuta kwa ncha ya khanga na kuutua mzigo jikoni.

Sijui mambo yangeishaje kama Bibi Sekela asingeugua homa ya mapafu.

Bibi Sekela alikuwa mama mkwe wa Ezekia Mlimbila. Alilazwa siku ya tano ya baridi. Mlimbila alikuja kumwona, akasimama karibu na mlango, macho chini, kama inavyompasa mkwe.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba. Sogea. Usiogope, siwezi kukushika, vidole vimekufa ganzi."

"Poleni sana, mama."

"Nimeshapoa, mwanangu. Ndiyo shida yenyewe."

Wodi nzima ilikuwa ikisikiliza. Bibi akavuta pumzi, akakohoa, akaendelea kwa upole uleule.

"Nimeambiwa hapa hakuna moto kwa sababu yuko mtu aliyekusanya mashoka. Nikawaambia wauguzi mtu huyo ni mgonjwa, alazwe hapa kitanda cha pili. Wakaniambia ana mke. Nikasema, masikini mke wake. Na masikini zaidi mama aliyemzaa huyo mke akamtoa kwa mtu kama yule."

Mlimbila aliitazama sakafu kwa makini.

"Nina neno moja tu, baba. Nikifa, msinizike karibu na ule mtambo wenu. Utanikataa kwa unyevu."

Alipotoka, Mlimbila alipita wodi ya wazazi. Hakuwa amekusudia. Alimwona mfagizi ameketi juu ya ndoo iliyofunikwa, hafagii, amekumbatia kitu kifuani na kukipulizia pumzi. Kisha akaenda ofisini, akafunga mlango, akazisoma kanuni upya kutoka ukurasa wa kwanza. Safari hii alizisoma kama mtu anayetafuta mlango kwenye nyumba inayoungua, ingawa kuungua ndiko kulikokosekana.

*

Kesho yake asubuhi alimkuta Atuganile ukingoni mwa msitu akifunga mzigo.

"Mama, nimekuja kukujulisha kwamba Mbuzi si mtambo."

"Ulishaniambia."

"Ni kipuri."

Atuganile akaacha kufunga. "Spea?"

"Kipuri cha Mtambo wa Taifa. Kanuni ya thelathini na moja inasema kipuri kinaweza kusafirishwa na kujaribiwa mahali popote. Haisemi kipuri kifananeje. Haisemi majaribio yaishe lini. Nimekwisha kukiandikisha."

"Na mashoka yetu?"

"Vipuri vya kipuri."

Wanawake wengine walikuwa wamesimama na vijiti vyao vichwani, wakingoja kuona Atuganile atacheka au atampiga.

"Ukurasa huo ungeweza kuusoma kabla ya watoto kuanza kupata baridi," alisema.

"Ningeweza," alijibu Mlimbila. Hakuongeza kitu, na nadhani hilo ndilo lililomsaidia.

"Haya. Twende ukashike upande mmoja."

Ng'ombe walikuwa malishoni, kwa hiyo walimvuta Mbuzi wenyewe kutoka ghalani, wanawake kumi na watano, fundi mmoja na mkaguzi wa wilaya aliyevua tai na kuitia mfukoni. Lilikuwa jambo zito la kwanza alilowahi kulibeba ambalo halikuwa na kurasa. Karibu na kiwanda cha mbao palikuwa na rundo la mabanzi ya zamani, makavu kwa ndani. Ndelwa akawasha injini. Ilikohoa, ikatema moshi mweusi, ikashika. Saa tisa alasiri boila lilikuwa linanguruma, na mabomba ya wodi ya wazazi yakaanza kugonga kama kawaida yake yanapopata maji ya moto. Watoto wote saba walinusurika. Yule pacha wa mfagizi ndiye aliyekuwa wa mwisho kupata rangi, na alipoipata alilia mchana kutwa bila mtu kumkataza.

Bibi Sekela aliletewa uji, akalalamika kwamba unaunguza. Dafrosa akaandika kwenye faili lake kwamba mgonjwa ana nafuu.

*

Taarifa za wilaya zilianza kuonyesha kwamba kuni za Baridini zimeongezeka mara tatu. Waziri alilieleza bunge kwamba Mtambo wa Taifa umefanikisha hayo bila hata kuwashwa, na kwamba ufanisi wa namna hiyo haujapata kuonekana. Wabunge waligonga meza. Kisha akaja kujionea.

Alipelekwa kwanza kwenye mtambo, ambao ulikuwa umepakwa rangi upya na kuwekewa askari wawili. Akapiga nao picha. Lakini upepo ulikuwa ukileta ngurumo kutoka bondeni, na Waziri akataka kujua ni nini. Mlimbila alimwongoza kushuka akiwa na jasho mgongoni, ingawa ukungu ulikuwa mzito. Huko chini Atuganile alikuwa analisha matawi, na Mbuzi alikuwa anatema chenga kama kawaida.

"Hiki ni nini?" aliuliza Waziri.

"Kipuri, Mheshimiwa. Cha Mtambo wa Taifa."

"Kipuri kinafanya kazi mbali na mtambo?"

"Kiko kwenye majaribio, Mheshimiwa. Tangu mwezi wa tatu."

Waziri alikizunguka. Aliona springi za lori, akaona maandishi ya kampuni ya unga ambayo Ndelwa hakuyafuta. Mlimbila alikuwa ameanza kuwaza wanawe watakula nini. Lakini Waziri alikuwa mtu wa kuona mbali, na alichokuwa anakiona ni mkutano wa nchi jirani mwezi ujao, ambako angehitaji cha kusema.

"Nimeridhika," alisema. "Nataka vipuri hivi arobaini, wilaya zote za misitu. Lakini sikilizeni vizuri. Serikali haiwezi kujidhalilisha kwa vitu vya karakana za nyuma ya soko. Vipuri vyote viagizwe nje ya nchi."

Ndelwa alikuwa ameshaokota nyundo yake ili aondoke. Atuganile akazima injini, akajipangusa mikono.

"Tutaagiza nje, Mheshimiwa," alisema.

Kazi ilichukua miezi saba. Ndelwa aliwafundisha wanawake sita kuchomelea, na karakana ikapanuka mpaka ikaumeza uwanja wa mnada. Mbuzi wa arobaini alipokamilika, wakapakiwa wote kwenye malori manne, na Atuganile akaketi mbele kwenye la kwanza, mto mgongoni. Walisafiri siku mbili hadi mpakani. Ofisa wa forodha wa Shinani aliwainulia mti wa kizuizi, wakapita. Upande wa pili walikwenda mpaka penye duka la soda, wakanywa soda, wakageuza malori, wakarudi.

Ofisa alikuwa bado amesimama palepale.

"Mzigo gani?" aliuliza.

"Vipuri vya Mtambo wa Taifa," alisema Atuganile, akampa barua yenye saini ya Waziri.

"Vinatoka wapi?"

Akaonyesha kwa kidole nyuma yake. "Kule."

"Kule ni nje?"

"Mlinzi wa mpaka ni wewe, kaka. Wewe unasemaje?"

Ofisa aliitazama barabara iliyotoka kule, akaitazama iliyotoka huku, akausoma tena ukurasa wa barua. Halafu akapanda lori, akafunua turubai na kugusa kipuri cha karibu. Kidole kikarudi kijani.

"Rangi bado mbichi," alisema.

"Ndiyo maana vinaitwa vipya."

Kisha akateremka, akaleta wino, akapiga muhuri mara arobaini, akajifuta kidole kwenye suruali ya serikali na kuuinua mti wa kizuizi, na mbuzi arobaini wakaingia nchini kwao.